Picha Ambayo Lorine Hakuitaka

Kabla Lorine hajasema neno mimi nilikuwa nimeshajua. Tunashona meza jirani katika soko la Busia, upande wa Kenya, na mtu ukikaa naye hivyo miaka unamjua mpaka pumzi zake. Zamani akiitwa na mteja aliinuka tu akaenda. Mwaka huo, mvua za masika zilipokwisha, akawa anainuka, anashika ukingo wa meza, anasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichokuwa anaendea, ndipo anapiga hatua ya kwanza. Hiyo ya kwanza ilimkunja uso. Zilizofuata zilikuwa nafuu, na mteja asingetambua kitu.

"Nyonga?" nilimuuliza siku moja.

"Baridi tu, Mama Levis."

Baridi gani, na jua lilikuwa kali hadi mabati ya soko yanalia.

Lorine ni Msamia wa hapa hapa Busia. Alizaliwa na ugonjwa wa seli mundu, ule ambao chembe za damu hujikunja na kuziba njia, na maumivu yakija mtu huhisi mifupa inavunjwa kutoka ndani. Utoto wake aliumalizia vitandani. Wenzake walipokwenda kuchota maji au kuokota kuni, yeye aliachwa barazani na sindano na uzi, na hivyo ndivyo alivyokuwa fundi. Alipofika miaka ishirini na kitu, damu iliacha kufika sawasawa kwenye kichwa cha mfupa wa paja la kulia. Mfupa ukafa, ukasagika. Alikuwa anatembea akiburuta mguu kama ajuza, mpaka hospitali moja ya misheni huku Kenya ilipouondoa ule mfupa uliokufa na kumwekea kiungo cha chuma.

Nilimwona aliporudi. Alitembea kwa magongo mawili, kisha moja, kisha akayaacha yote nyuma ya kabati la vitambaa. Akarudi kwenye cherehani yake ya miguu, akawa anakanyaga kutwa nzima, magauni ya gomesi na sare za shule zikitoka mikononi mwake kama maandazi. Mwaka uliofuata alimpata Owor Phillip, Mpadhola wa Kisoko, upande wa Uganda, ambaye kazi yake ni kuziba magurudumu ya malori pale Malaba. Alikuja kushonewa joho la kwaya, akarudi kulirekebisha, akarudi tena ingawa lilikuwa limemkaa vizuri. Kabla ya kuwafungisha ndoa mchungaji aliwataka wapime damu, na Phillip akaonekana hana ugonjwa wala haubebi. Siku ya harusi, kule Kisoko, Lorine alicheza tangu kanisani hadi nyumbani kwa mama mkwe. Wapadhola walimshangilia. Wengi wao hawakujua kwamba anacheza juu ya chuma.

Tangu hapo maisha yake yaligawanyika. Jumatatu hadi Alhamisi alilala kwangu Busia, maana kazi yake iko huku. Ijumaa alivuka mpaka akaenda kwake Kisoko.

Sasa, yule daktari aliyempasua alimwachia sharti moja. Kila mwaka arudi apigwe picha ya eksirei, hata kama hasikii maumivu yoyote. Chuma kikianza kulegea ndani ya mfupa, alisema, kinaweza kukaa kimya muda mrefu, na picha itakiona kabla mwili haujakisikia. Lorine alirudi mwaka wa kwanza. Akarudi wa pili. Halafu akaolewa, akaacha. Nilipomkumbusha alinijibu bila hasira:

"Mama Levis, mimi tangu nizaliwe natafutiwa ubaya. Kila mashine niliyolazwa chini yake imenikuta na kosa. Acha nikae na mguu wangu kwa amani."

Mimi sijawahi kulazwa chini ya mashine yoyote.

Aliyeivunja ile amani alikuwa Phillip. Alitokea sokoni siku ya kazi, mafuta ya gari bado kwenye viganja, akapita meza ya mkewe akaja kwangu.

"Mama Levis, ongea na yeye. Jumapili kanisani alishindwa kupiga magoti. Nikimuuliza, anasema mimi nasumbua. Mimi naogopa."

Lorine alikuwa anasikia yote. Aliinua mguu wa cherehani, akakata uzi kwa meno. "Haya," akasema. "Nitaenda. Lakini si na wewe. Nitaenda na Mama Levis."

Tulikwenda Tororo, mji ulio karibu na Kisoko, kwenye hospitali moja ambako daktari wa mifupa huja kila wiki. Lorine alikuwa amebeba bahasha kubwa ya kaki yenye picha zake za zamani, maana picha mpya bila ya zamani haisemi mengi: daktari anataka kuona kama chuma kimesogea. Daktari mwenyewe, mama wa makamo aitwaye Alupo, alimpima akiwa amelala, akauzungusha mguu taratibu, akaona machozi. Akamwandikia picha.

Chumba cha eksirei kilikuwa mwisho wa veranda. Fundi wake alikuwa mtu mrefu wa kabila la Wateso, Egau, mtu wa sauti ya chini. Mlangoni palikuwa na bango lenye mchoro wa mama mjamzito, lakini Egau hakulitegemea bango.

"Mama, wewe iko na mimba?"

"Hapana."

"Mwezi hii uliona damu?"

"Niliona."

Alijibu haraka mno. Nikamtazama, naye akainamia viatu vyake akaanza kuvifungua.

Egau alimlaza chali mezani. Ili chuma kionekane chote, miguu ilibidi igeuzwe kidogo kwa ndani, vidole gumba vielekeane, na kwa Lorine huo ulikuwa mtihani. Alivumilia. Egau akaniita nyuma ya ukuta pamoja naye, mahali penye dirisha la kioo kizito.

"Vuta pumzi. Shika hapo hapo. Usitingishike."

Mikono ya Lorine ilikuwa imelala pembeni kama alivyoelekezwa. Ikainuka yote miwili, ikaja ikatua chini ya kitovu, ikafunika. Niliona, na Egau akaona. Aliondoa kidole kwenye kitufe.

"Mama, toa mikono."

Hakuitoa.

"Ngojeni," alisema Lorine, macho yake yakitazama dari. "Ngojeni kwanza."

Egau alitoka, akachukua shuka akamfunika hadi kifuani, polepole, kama mtu anayemfunika mtoto wake. "Leo hakuna picha," alisema. "Mimi sikasiriki. Wengi wanaficha. Lakini daktari lazima ajue."

Tuliketi kwenye benchi la veranda. Nilikuwa na hasira, na huruma, na sikujua nianze na ipi. Akaanza yeye.

"Mwezi wa tatu sasa."

"Phillip anajua?"

"Hajui mtu."

"Na vile vidonge vyako vya damu, vya kila siku?"

"Niliviacha tangu Krismasi. Waliniambia mwenye mimba havimfai. Sasa kama nilitaka mimba ningefanyaje?" Alikuwa akiongea na sakafu. "Waliniambia pia kwamba mtu kama mimi akibeba mimba ni hatari. Wameniambia hivyo tangu nikiwa msichana. Lakini Phillip anataka mtoto kuliko anavyotaka chakula. Nikimwambia, halafu itoke, nitamtazama kwa macho gani?"

"Na huo mguu?"

"Mguu ningeubeba tu."

Daktari Alupo alisikiliza yote bila kumkatiza. Kisha akasema, kwa Kiswahili cha kuchagua maneno, kwamba maumivu yale yangeweza kuwa na baba watatu. Wa kwanza ni ule ugonjwa wa damu, hasa kwa kuwa vidonge vimeachwa. Wa pili ni chuma kulegea. Wa tatu ni usaha ndani ya kiungo. "Wawili wa kwanza wanaweza kungoja kidogo," alisema. "Usaha haungoji. Usaha utakuua wewe na huyo aliye tumboni." Kuhusu eksirei, alisema picha moja ya nyonga hutoa mionzi kidogo, na kwa kawaida haimdhuru mtoto; hatari ipo, ila ni ndogo sana. Lakini angeanza na vipimo visivyo na mionzi kabisa.

Daktari alisema hatari ni ndogo sana. Lorine alisikia hatari.

Mchana huo huo alifanyiwa altrasaundi. Nilikuwa nimesimama karibu na kichwa chake. Daktari alianzia tumboni, akatuonyesha kitu kidogo kama punje ya maharagwe, na ndani yake kitu kinapepesa, kinapepesa. Lorine alicheka kwa sauti, na mimi machozi yakanitoka. Kisha kile kifaa kikashushwa kwenye nyonga. "Kuna maji," alisema daktari. Maji hayakupaswa kuwa pale. Walimchoma sindano ndefu wakayavuta, wakayapeleka maabara yakaoteshwe waone kama yana vijidudu.

Tulirudi Busia kusubiri. Siku hizo Lorine alishona kama mtu anayekimbizwa. Majibu yalipotoka yalikuwa mema kwa upande mmoja: hapakuwa na vijidudu. Lakini daktari alimwambia maji hayaji bure. Kuna kitu kinasagika mle ndani. Anaomba picha moja, moja tu, ajue chuma kimekaaje na mama huyu atembee vipi hadi ajifungue.

"Sitapiga," alisema Lorine.

Jumamosi hiyo nilimsindikiza Kisoko, kwa sababu aliniomba nisimwache aseme peke yake. Mama mkwe wake, Mama Florence, ni mjane, mwanamke mfupi mwenye mikono ya jembe, kiongozi wa akina mama kanisani. Alitukaribisha, akatupa chai na karanga. Phillip alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Lorine akasema yote: mimba, mguu, picha anayotakiwa kupigwa na asiyoitaka. Nilikuwa namtazama Phillip. Aliposikia neno mimba uso wake ulifunguka kama dirisha. Aliposikia yaliyofuata ulifungwa.

Nilitarajia Mama Florence amtetee mjukuu. Wengi wangefanya hivyo. Yeye aliweka kikombe chini.

"Apio, msichana yangu, alikufa akizaa," alisema. "Wewe hukumkuta. Mtoto yake nimelea mimi, sasa iko darasa ya nne. Kila mara anauliza mimi, mama alikuwa anaongea namna gani, mama alikuwa anacheka namna gani. Mimi nimelea mmoja. Mwingine sitaki. Piga picha, mwanangu. Daktari aone mguu, ajue kutibu wewe."

"Na mtoto akiharibika, Mama?"

"Mungu atajua. Lakini wewe mimi nakujua. Huyo bado sijamjua."

Lorine akamgeukia mumewe. "Na wewe unasemaje?"

Phillip alitazama mikono yake. Kuku waliingia wakatoka. Hatimaye alisema, "Wewe utaamua mwenyewe," akasimama, akaenda nyuma ya nyumba, na baadaye tukasikia anapasua kuni.

Njiani kurudi Lorine hakulia. Alisema tu, "Mama Levis, mkwe wangu ananizika kabla sijafa, na mume wangu amenyamaza."

"Mkwe wako anakutaka uishi."

"Najua. Ndiyo maana imeniuma zaidi."

Akaendelea kukataa. Sitamlaumu mtu kwa hilo. Mwenye mwili ni yeye, na mimba ile aliibeba kama mtu anayevuka mto na moto kiganjani. Aliacha kukanyaga cherehani, nikawa mimi namkanyagia mishono mirefu, yeye anakata vitambaa na kutia vifungo. Alikuwa anajiegemeza kwenye meza, kwenye ukuta, kwangu. Tumbo likaanza kuonekana chini ya dera.

Siku ya mkasa tulikuwa tumepokea kitambaa cha sare za shule. Nilimwambia asiguse jora, nikageuka kumlipa aliyeleta, na nilipogeuka tena alikuwa analisukuma kwa goti la mguu mzima, uzito wote kwenye ule mbovu. Nikasikia mlio. Haukuwa mkubwa, ni kama kijiti kinachovunjika ndani ya nguo. Lorine hakupiga kelele. Alifungua mdomo, rangi ikamtoka, nikamdaka kabla hajafika chini. Mguu ulikuwa umegeukia nje na hakuweza kuuinua.

Safari ya kwenda Tororo siku hiyo sipendi kuikumbuka. Alikuwa amelala kiti cha nyuma cha gari tulilokodi, kichwa mapajani mwangu, na kila shimo la barabarani alinibana mkono. Alichoniambia ni kimoja, akakirudia: "Waambie wapige. Lakini wapige mara moja."

Nilimweleza Egau vile vile. Akaitikia kwa kichwa. Alichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani mtu anaweza kuchukua kwa picha moja. Alipima, akapima tena, akasogeza meza, akafunga mwanga hadi ukabaki mraba mdogo tu juu ya nyonga, ili asikosee akalazimika kurudia. Safari hii Lorine mwenyewe aliweka mikono kifuani, akaifumbata. Macho alikuwa ameyafumba. Mashine ikalia kidogo, basi. Jambo lililotutesa wiki nyingi likaisha kwa muda usiotosha kupiga chafya.

Daktari Alupo aliziweka picha mbili mbele ya taa, ya zamani na mpya, akatuita. Hata mimi nisiyejua kitu niliona. Kwenye ya zamani kile kikombe cha chuma kilichowekwa kwenye mfupa wa nyonga kilikuwa kimekaa kama bakuli mezani. Kwenye mpya kilikuwa kimelalia upande kama bakuli linalotaka kumwaga, na nyuma yake, mahali pa mfupa mweupe, palikuwa na weusi. Mfupa ulikuwa umelika. Na katikati ya ule weusi ulipita ufa mwembamba.

"Hii haikuanza leo," alisema daktari. "Imeanza zamani. Miaka miwili, pengine zaidi."

Lorine aliigusa picha mpya kwa kidole. "Ningekuja kila mwaka, ingeonekana?"

Daktari angeweza kumdanganya. "Ingeonekana," alisema.

Upasuaji wa kubadilisha kikombe usingefanyika akiwa na mimba ile. Ni mkubwa, una damu nyingi, na yeye damu yake ni ya kuhesabu. Kwa hiyo hukumu ikawa hii: asikanyage kabisa kwa mguu wa kulia. Magongo mawili, kitanda, na kliniki ya damu mara kwa mara. Ufa ukipanuka, watazungumza upya.

Akahamia Kisoko moja kwa moja. Mama Florence alimpa chumba chake mwenyewe, kwa sababu mlango wake hauna kizingiti cha kujikwaa. Alimuogesha, akampikia uji wa mtama na boga, akamfukuzia wageni waliokuja kutazama tu. Nami nilikwenda kila nilipopata nafasi. Nilimkuta na shida moja ambayo hakuna aliyeweza kumtibu. Mtoto akitulia tumboni kidogo, alishika tumbo akasema, "Ni ile picha." Mtoto akicheza sana, alisema, "Anahangaika, ni ile picha." Daktari alimweleza mara nyingi. Egau mwenyewe, siku moja kliniki, alikuja akamwambia mtoto hupata mionzi hata kutoka kwenye mawe na jua, na kwamba ile ya siku ile ilikuwa kidogo. Alimshukuru. Tukiwa peke yetu akaniuliza, "Lakini kwa nini basi yeye hujificha nyuma ya ukuta?"

Nilimjibu kwamba Egau anapiga picha kutwa, kila siku, na yeye alipigwa moja. Alikubali kwa mdomo.

Na Phillip? Alileta samaki, alileta dawa, alimtengenezea gongo lililokatika mpira kwa kipande cha tairi. Aliingia chumbani, akaweka alicholeta, akauliza "umeamkaje," akatoka. Lorine alimjibu "salama." Nyumba nzima ilikuwa na adabu kama ya matanga.

Mwezi wa nane haujaisha, ugonjwa wake wa damu ukaamka. Mgongo, kifua, mikono. Walimkimbiza hospitali wakamwongezea damu, na kesho yake wakaamua mtoto atolewe kwa upasuaji, maana hata njia ya kawaida isingewezekana na nyonga ile. Akatoka msichana, mdogo kama mkate, analia kwa sauti iliyomzidi mwili. Lakini mama yake alishikwa na kifua. Pumzi zilikuwa fupi, akawekewa oksijeni, na daktari aliyekuwa zamu alituambia tuombe.

Tuliomba. Mama Florence hakuomba kwa maneno. Alikaa sakafuni karibu na mlango wa wodi, mjukuu amemfunga kifuani ngozi kwa ngozi kama wauguzi walivyomfundisha, na hakuinuka ila kwa haja. Nilimsikia mara moja tu akimwambia yule mtoto, kwa Kiswahili chetu cha mpakani, kana kwamba Kidhopadhola, lugha yake, kingemtia mkosi: "Wewe ngoja. Mama yako anakuja."

Akaja. Baada ya siku nyingi za kupanda na kushuka, homa ilimwacha, akaomba maji, kisha akaomba mtoto. Nilikuwepo. Hakumbusu kwanza. Alimlaza kitandani, akamfunua nguo zote, akamtazama vidole, masikio, uti wa mgongo. Akamshika miguu yote miwili akaikunja kuelekea tumboni, akaifungua nje taratibu, mmoja, halafu mwingine, akisikiliza kama anayetarajia mlio. Mtoto akampiga teke mkononi.

"Ni mzima," nikasema.

"Naona," alisema Lorine. Ndipo akalia.

Wamemwita Awor, jina la Wapadhola la msichana wa usiku, maana alizaliwa giza limeingia. Ana mwaka na nusu sasa, anatembea, anaangusha vyungu vya bibi yake. Damu yake imepimwa: amebeba nusu ya ugonjwa kutoka kwa mama, lakini haumwi.

Lorine alifanyiwa upasuaji wa pili mwaka jana, kule kule kwenye hospitali ya misheni. Iliwabidi wajaze pengo la mfupa na kuweka kikombe kikubwa zaidi. Wamemwambia wazi kwamba hiki hakitadumu kama ambavyo cha kwanza kingedumu, na kwamba mguu umebaki mfupi kidogo. Amerudi sokoni. Cherehani ya miguu ameniachia mimi, anatumia ya mkono. Kasi yake imepungua, na wateja wengine wamemhama. Picha anapigwa kila wanapomwita. Wiki ya picha hasemi na mtu, na mimi nimejifunza kutomsemesha.

Juzi tulikuwa tunakata kola za sare, akaniambia kwamba hatimaye alimuuliza Phillip. Walikuwa shambani, mtoto amelala chini ya mwembe. Alimuuliza kwa nini siku ile, mbele ya mama yake, hakusema piga wala usipige.

"Akajibu?"

"Aliniuliza, ningesema lipi? Ningesema piga, na mtoto akaharibika, ungenichukia. Ningesema usipige, na wewe ukafa, ningejichukia. Lipi, Lorine?"

"Ukamwambiaje?"

Alinyoosha kola, akaitazama kama imekatwa sawa.

"Niliokota jembe," alisema. "Tukaendelea kulima."